Msiba wa Ghorofa ya Tatu

Jumanne, tarehe kumi na moja Februari, saa nne kasoro robo asubuhi, Mzee Kasiani Komba alikata roho ugenini, Ulaya. Alikuwa amekwenda na mkewe, Mama Gaudensia, kumsalimia mtoto wao Longino, anayefanya kazi huko katika kiwanda cha mikate. Nje theluji ilikuwa inaanguka, na Songea ilikuwa mbali.

Tangu wafike, Mama Gaudensia alikuwa akiwashangaa watu wa huko. Hakuna aliyepiga hodi. Ukitaka kumtembelea mtu, sharti umpigie simu kwanza, naye akupangie siku. Mzee Kasiani kila alipokutana na majirani kwenye ngazi aliwauliza habari za nyumbani, za watoto na za kuamka, kwa Kiswahili kitupu. Wao waliinamisha kichwa wakapita. Mkewe alimtania kwamba anasalimia kuta. Mzee alimjibu kuwa salamu haiozi.

Ndugu wa Songea walikubali azikwe hukohuko. Mama Gaudensia akaondoa viti sebuleni kwa Longino, ghorofa ya tatu, akatandika mablanketi chini, akaketi kungoja watu. Nyumbani kilio kimoja hukusanya kijiji kizima. Huyu anakuja na kuni, yule na unga. Hapa jua lilikuchwa bila mtu kutokea. Kesho yake vilevile. Alisikia nyayo zikipanda ngazi, zikifika mlangoni pake, zikipunguza mwendo, zikipita.

"Hawana utu," akamwambia Longino.

Siku ya maziko ilipofika, Longino alimweleza kwa upole kwamba jeneza litabebwa na vibarua wa maziko, kwa sababu wafiwa ni wawili tu. Kijijini kwao, kila kaburi lilipochimbwa, Mzee Kasiani alikuwa wa kwanza kushika jembe. Leo yeye abebwe na watu wa kukodi?

Akajifunga kanga kiunoni, akatoka. Longino alimfuata akimsihi. Huku, alisema, watu hawagongewi milango ovyo.

"Nitagonga," akasema. "Baba yako hakuokotwa porini, azikwe kama mtu asiye na jirani."

Aligonga mlango wa ghorofa ya chini. Ukafunguliwa mara moja. Alisimama Mzee Henrik, jirani waliyezoea kumwona ngazini na mbwa wake, amevaa suti nyeusi na viatu vilivyong'arishwa. Nyuma yake walikuwa wameketi majirani wa ngazi ile yote, wanaume kwa wanawake, kila mmoja katika nguo nyeusi. Mezani palikuwa na sufuria kubwa ya supu.

Mzee Henrik alisema, Longino akitafsiri, "Tangu tusikie msiba tunangoja mtuite, mama. Kwetu kuingia kwa mfiwa bila kuitwa ni kumvunjia heshima. Hata mlangoni penu tulikuwa tunapita kwa kunyata."

Mama Gaudensia akashika mwimo wa mlango.

"Kwetu harusi ndiyo yenye mwaliko, baba. Msibani mtu huja tu. Nimekaa chini nawangoja ninyi."

Walitazamana. Kisha yule mzee akauliza kwa sauti ya chini kama jeneza lina wabebaji.

Wakalibeba wao, hadi kaburini. Waliporudi waliketi wote chini juu ya mablanketi, wakanywa supu. Mzee Henrik alitaka kuinuka, magoti yakamgomea. Mama Gaudensia akamwambia basi abaki hapohapo mpaka matanga yaishe. Watu wakacheka, naye akacheka, na kicheko kikageuka kilio, kile alichokuwa amekizuia tangu Jumanne. Hakuna aliyemnyamazisha. Walisogea tu karibu.

Funzo: Usihukumu kwamba jirani hana moyo kabla hujajua kwao huzuni huheshimiwa vipi. Gonga mlango, huenda naye anakungoja.

Mpelekee ujumbe huu ndugu yako aliye ugenini.

Ee Mungu mwenye huruma, mpokee Kasiani, na wapendwa wetu wote waliotutangulia, waliozikwa nyumbani na waliozikwa mbali. Uwaangazie mwanga wako, wapumzike kwa amani. Amina.