Kidole Kilichokataliwa na Mashine

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, ni hii zamani ya juzijuzi watu walipoambiwa kwamba mdomo hauaminiki tena, kinachoaminika ni kidole, paliondokea mama kijana mjini Mtwara, jina lake Esha, mtoto mgongoni, mwingine tumboni.

Wa mgongoni aliitwa Shamte. Moyo wake ulikuwa na tundu. Akilia, midomo inageuka rangi ya zambarau. Hospitali kubwa ya Dar es Salaam ilimwambia Esha: "Nenda nyumbani usubiri. Nafasi ya upasuaji ikipatikana tutakupigia kwa namba hii hii. Tukikukosa, tunamwita anayefuata." Basi Esha akailinda namba ile kama yai. Siku moja akaamka, laini imefungwa. Haijahakikiwa kwa alama za vidole, wakasema watu wa simu.

Akaenda duka la kampuni ya simu, lenye kiyoyozi na viti vya buluu. Kauntani akamkuta dada mmoja, Hilda, kucha nyekundu, sauti ya asali.

"Karibu, mpendwa mteja. Weka kidole."

Akaweka cha shahada. Mashine ikalia: tii!

"Haikisomi. Weka kingine."

Akaweka cha kati. Tii! Akaweka gumba. Tii!

Ingesoma nini? Esha alikuwa akibangua korosho tangu amalize kidato cha nne, na mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Yalikuwa yamekula mistari yote, vidole vimebaki vitupu kama mgongo wa kijiko.

"Mfumo unakataa, mpendwa mteja. Njoo kesho."

Akaja kesho. Tii! "Njoo kesho." Akaja na kesho hiyo. Tii! "Nenda ofisi ya vitambulisho." Kule wakamwambia vidole havina kitu, arudi dukani. Hospitali nako alipiga kwa simu ya jirani, ikawa inaita mpaka inachoka yenyewe.

Sasa sikilizeni. Usiku mmoja Shamte alikesha akihema kwa mabega. Kulipokucha Esha akaenda dukani, akaweka kidole, tii! Hilda alipofungua mdomo kusema lile neno lake, Esha alimfungua mtoto mgongoni, akamkalisha juu ya kaunta, palepale juu ya karatasi za matangazo, naye akasimama mbele yake, moyo unamwenda mbio, lakini mdomo, jamani, mdomo haukutetemeka.

"Siondoki! Leo kesho zenu zimekwisha. Vidole vyangu vimeliwa na korosho, korosho hizo hizo mnazotafuna kwenye harusi zenu, halafu mnaniambia mimi si mimi? Mimi ni mimi! Nifungulieni laini yangu! Na wallahi, mbele ya watu hawa wote, atakayenifungulia, nikizaa mtoto wa kike, jina lake ndilo atakaloitwa. Atakuwa somo yake mpaka kiyama."

Bosi akatoka ofisini, tai inamkaba. "Mlinzi! Mtoe huyu!"

Mlinzi alikuwa mwanamke, Mwajabu, rungu kiunoni. Akamtazama Esha, akamtazama Shamte, akamtazama bosi.

"Mimi nimeajiriwa kuzuia wezi, bosi. Huyu kaiba nini?"

"Nimesema mtoe!"

"Mtoe wewe. Ila utanipitia mimi kwanza." Akasimama mbele ya Esha, mikono kifuani, kama mlango uliokomewa.

Foleni nzima ikapiga vigelegele. Ndipo akainuka mama mmoja muuza mihogo, Bi Rukia, hajuani na Esha hata kwa salamu.

"Shida ni kidole? Kidole hiki hapa. Isajilini kwa jina langu."

Esha akashtuka. "Mama, hunijui. Nikitapeli watu kwa laini hii, atakayekamatwa ni wewe."

"Nikamatwe! Nitakwenda kukaanga mihogo huko huko ndani. Lete mashine, binti!"

Wote wakamgeukia Hilda. Naye Hilda alijua kwamba laini haihamii jina jingine bila kidole cha mwenyewe wa kwanza, isipokuwa mhudumu aandike kuwa amekijaribu na kimekubali. Yaani adanganye, kwa jina lake, kwa nywila yake. Bosi akamnong'oneza: "Ukibonyeza hapo, Hilda, kesho usije."

Hilda akamtazama mtoto anavyohema juu ya zile karatasi.

"Kesho, kesho," akasema. "Hata mimi nimelichoka neno hilo."

Akabonyeza. Bi Rukia akaweka kidole. Mashine ikanyamaza kimya. Laini ikafunguka.

Siku ya pili asubuhi simu ikaita: njooni Dar. Shamte akapasuliwa, akapona, leo anakimbiza kuku wa watu. Mwajabu alifukuzwa kazi jioni ya siku ile ya dukani, Hilda naye kulipokucha. Na Bi Rukia, kila akiona polisi wanapita karibu na karai lake, mwiko unamdondoka.

Esha akajifungua. Mtoto wa kike! Siku ya saba, nywele zimekwisha nyolewa, limebaki jina tu, wanawake wale watatu wakaingia, kila mmoja na kanga ya mtoto.

Mwajabu akasema: "Ningemtoa nje siku ile, laini mngemfungulia nani? Upepo? Jina ni langu."

Bi Rukia akasema: "Kusimama, hata nguzo inasimama. Laini iko kwa jina la nani mpaka leo? Aliyenipa hofu ya maisha anipe na somo."

Hilda akasema: "Nadhiri ilisema atakayefungua. Aliyefungua ni mimi."

"Wewe!" Mwajabu akacheka kwa dharau. "Wewe si ndiye Bibi Njoo-Kesho? Ungebonyeza siku ya kwanza, mtoto angeteseka?"

Hilda akainamisha kichwa, kisha akakiinua. "Ndiyo, nilimkataa. Nilimkataa kwa sababu naogopa. Na nilipomkubali, nilikuwa bado naogopa. Hilo halina uzito?"

Bibi wa mtoto akaguna pale mkekani. "Hilda? Katika nyumba hii ya Kiislamu?"

"Mama, nadhiri yangu haikuuliza dini," Esha akamjibu.

"Basi mwanangu, tuliahirishe hili jambo mpaka kesho."

"Kesho?" Esha akasimama na mtoto mikononi. "Nani kasema kesho? Mama, kwangu neno hilo halikanyagi tena. Jina ni moja. Silikati vipande, wala situngi la nne kuwafurahisha."

Shamte akachungulia mlangoni, jogoo kwapani. Esha akamwinamia yule mchanga mikononi, midomo ikagusa sikio, amnong'oneze jina.

Haya, nyinyi mliokaa mkisikiliza: yuko aliyezuia asitolewe, yuko aliyetoa kidole, yuko aliyebonyeza. Mtoto anasubiri jina. Je, nani alistahili? Jibuni leo. Hapa hatuambiani njoo kesho.