Kibuyu Kiitwacho Sikose

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao na kila kibuyu kikiwa na jina, aliishi Bi Nguchiro na watoto wake wanne. Nyamazeni, hii naijua mimi. Shule niliiacha mapema, lakini masikio sikuyaacha huko.

Kibuyu cha Bi Nguchiro kiliitwa Sikose. Ndani yake mlikuwa na mtindi, na mtindi huo ndio uliogandisha maziwa ya kesho. Ukiisha wote, mbegu imepotea, na watoto hawana cha kunywa.

Jirani yake, upande wa pili wa kilima, alikuwa Fisi, mabega mapana, jiko kubwa. Alitangaza kwamba kila nyumba impelekee kibuyu akifukize kwa moshi, mtindi upate harufu nzuri. Asiyepeleka angevunjiwa mlango. Basi wakapeleka. Vibuyu vikarudi vinanukia kweli, ila vitupu. Nyati mzima, na pembe zake zile, alirudi kwake akilamba kizibo.

Zamu ya Bi Nguchiro ilipofika, alichota mtindi kidogo kutoka kwa Sikose, akautia kwenye bakuli, akaupeleka.

"Shemeji, Sikose huyu hapa."

"Mbona ni bakuli?"

"Humu jikoni mwako, hili ndilo Sikose. Au jiko si lako?"

Fisi akavimba kichwa. Akajifungia ndani, akalinywa lote, fyuu! Kisha akapita nyumba kwa nyumba akijigamba kwamba Sikose amekwisha.

Asubuhi akawaona watoto wa Bi Nguchiro, midomo myeupe kwa mtindi. Akachungulia. Sikose alikuwa ukutani, amejaa.

"Si nilimmaliza?"

"Ulimmaliza wa jikoni kwako, shemeji. Wa hapa hakuguswa. Jina moja, vyombo viwili."

Fisi akanguruma. Akasema hataki tena bakuli wala jina. Anataka chenyewe, akivunje mbele ya watu, la sivyo atavunja nyumba na waliomo. Bi Nguchiro akamwomba angoje kidogo, akapotelea vichakani. Alirudi ameshika ncha ya kamba ndefu iliyopinda kuzunguka kilima.

"Shika. Utakachoifanyia kamba hii, umekifanyia kile kilichofungwa huko mwisho."

"Usinipe nakala tena, wewe."

"Haki ya wanangu, hapo hakuna nakala. Ni chenyewe."

Na kweli hakusema uongo. Mjinga hakuuliza chenyewe kipi!

Fisi aliwaita majirani wote, akatemea mate viganjani, akavuta kwa nguvu zake zote. Kwaru, kwaru, kwaru... paa! Kitu kikapasuka upande wa pili wa kilima.

Fisi akacheka mpaka machozi. Alikuwa bado anacheka mkewe alipotokea mbio, asali imemlowa mpaka viwikoni.

"Baba Kimori, nani huyo anayevuta kibuyu chetu cha asali?"

Kamba ilikuwa bado mkononi mwa Fisi. Nyati ndiye aliyeanza kucheka safari hii.

Ndiyo maana mpaka leo wanaoandika programu za kompyuta, wakiikabidhi sehemu moja ya programu kitu cha kushughulikia, huulizana kwanza: tumeipa bakuli, yaani nakala tu, au tumeipa kamba inayofika kwenye kitu chenyewe?

Nanyi, watoto, kabla hamjavuta kamba, jueni imefungwa wapi.