Hija ya Bi Time

Kaeni niwape kisa, na anayetaka cha kucheka aende kwa jirani. Huko Pemba palikuwa na watoto watatu wa mama mmoja. Faki, mkubwa, alikuwa na mali: mikarafuu bonde zima. Mize, wa kati, alikuwa na subira. Khatibu, kitinda mimba, alikuwa na nguvu na ulimi mchafu. Kwake ugomvi ulikuwa chai ya asubuhi.

Mama yao, Bi Time, alitamani jambo moja tu duniani: kuhiji. Lakini macho yalimpofuka, kisha miguu ikafuata. Watoto wakaamua mmoja wao aende Makka amhijie.

Faki akauza mikarafuu yote, hata ule uliozikiwa kitovu chake. Leo ni kibarua katika shamba lile lile.

Aliyetakiwa kwenda ni Mize. Alikwisha kushona hata nguo za safari. Lakini nani angemgeuza mama kitandani, amwogeshe, amlishe uji? "Nenda wewe, Khatibu," akasema, kisha akaingia jikoni kulia.

Khatibu akaenda. Akatufu, akaizunguka Kaaba kwa jina la mama, akasimama Arafa juani akimwombea hadi sauti ikamkauka. Akarudi mtu mwingine, wallahi! Yule mtukanaji sasa anatangulia kuwaamkia watu, anawaomba msamaha wote aliowapiga. Mize alimwonea kijicho. Moyo ule mpya ungekuwa wake.

Shehe wa mtaa akaja kumpa mkono. "Khatibu, hija yako mwenyewe ulihiji lini?"

"Sijapata, shehe. Hii ndiyo ya kwanza, ya mama."

"Lahaula! Asiyejihijia hamhijii mwingine. Hija hiyo imekuwa yako wewe."

Kumbe kila mmoja alidhani mwenzake ameuliza sharti hilo kabla ya safari!

Shehe alipotoka, Faki akapiga paja. "Mikarafuu yangu imekwenda kumtakasa mgomvi! Basi nyamazeni, mama asijue."

"Nimetoka kutubu, kaka," Khatibu akasema. "Siwezi kumdanganya mama."

Mize akawaka. "Ukweli umeujulia Makka? Mimi niliyebaki na vinyesi vyake nimejua nini? Thubutu umwambie!"

Mara Bi Time akaita, pumzi zikimkatika. Wakakimbilia kitandani.

"Mize mwanangu, naondoka. Nishikishe mkono wa aliyenipeleka Makka, nimpe radhi zangu za mwisho." Akanyoosha mkono wake mkavu.

Haoni. Atakayeshikishwa ndiye huyo. Faki akasogea mbele. Khatibu akaficha mikono nyuma, machozi yanamtiririka. Na mkono wa Mize mwenyewe ulikuwa karibu kuliko yote, naye aliutaka ule mkono wa mama kuliko pepo.

Haya, enyi mnaonisikiliza. Radhi ni moja. Mngemshikisha mkono wa nani? Au mngemwambia kwamba hakuna aliyempeleka? Amueni upesi, mama hangoji.