Kijungu cha Ukutani

Kale, kuta za nyumba zetu zilikuwa tupu. Nyigu mfinyanzi, huyu wa kiuno chembamba anayetujengea vijungu vya udongo ndani ya nyumba, hakuwapo kabisa.

Alikuwapo Nakijwa, mfinyanzi ambaye vyungu vyake vilipikiwa katika vijiji saba, na binti yake wa pekee, Namkunda. Mtoto huyo aliupenda udongo kuliko uji. Kila chungu kilipoanikwa kivulini alikidunga kidole, aone kama kimekauka, na kila kidole kilizaa fimbo. Jirani yao, Bibi Nanzia, akamwambia mama mtu, "Mwanangu, mpe donge lake kabla hujaanza kazi. Mikono yenye kazi haigusi ya mwenziwe."

Nakijwa akacheka. "Bibi, samaki mkunje angali mbichi."

"Mkunje, ndiyo. Hawakusema mvunje."

Maneno yakaingilia sikio hili, yakatokea lile. Siku ya kuamkia gulio Nakijwa alikuta vyungu sita vina matundu, akamchapa mtoto mpaka fimbo ikakatika. Namkunda hakulia. Alichota udongo kiganja kimoja, akashika njia ya mtoni. Wazee husema alikwenda akipungua, kiuno kikawa uzi, na pale penye alama za fimbo mgongoni pakaota mabawa. Hakurudi.

Nakijwa alimtafuta misimu miwili. Alimtamani mwanawe, akavitamani hata vile vidole. Alianika vyungu uani, na kila asubuhi akavikagua, apate japo tundu moja. Vyote vilikuwa vizima, naye akavililia.

Mwishowe akaweka donge bichi kizingitini kabla ya kugusa kazi yake. Siku ya tatu akatua mdudu asiyepata kuonekana pale. Alimega udongo, akaruka hadi ukutani juu ya kitanda, akafinyanga kijungu, mdomo umeviringwa vizuri kama wa chungu cha Nakijwa mwenyewe. Nakijwa akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Karibu nyumbani, mama," akasema.

Nyigu alirudi kizingitini kumega udongo mwingine.

Na tangu siku hiyo, wafinyanzi wa kwetu humpa mtoto donge la kwanza kabla hawajaukanda udongo wa kazi. Na hakuna mama anayebomoa kijungu cha ukutani, hata kikichafua chokaa mpya. Hukiacha, akasubiri, pengine aliyekijenga ataingia siku moja kwa miguu yake.