Bi Mashavu na Mji wa Makomeo

Hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye ulimi!
Nina ngano, niitue?
— Itue, tuifungue!

Hapo kale, kabla ya babu wa babu zetu, palikuwa na mji ukiitwa Kilangawe. Mji huo ulikuwa na wezi. Wezi kweli, jamani, si wa kusimuliwa. Walitoboa kuta. Walichukua mbuzi. Walianua nguo za watu kwenye kamba zingali mbichi. Basi watu wakawekeana desturi: aliyeibiwa asimame mlangoni pake agonge sinia la shaba. Ngwee! Ngwee! Ngwee! Jirani akisikia aache kazi yake, achukue cha kutia kinywani, aende akampe pole na kukaa naye mpaka jua lipungue.

Miaka ikaenda. Mungu akawapunguza wale wezi. Wengine walikufa. Wengine walihama. Wengine walizeeka, wakatubu, wakawa wanaswali safu ya mbele na kukohoa kuliko imamu. Kilangawe ukatulia. Uliweza kuanika mpunga njiani, ukaenda shamba, ukarudi, ukaukuta umepunguzwa na kuku tu.

Lakini sinia halikunyamaza. Lililia leo, likalia kesho, likalia keshokutwa. Na kila lilipolia, watu walisema, "Wezi wamezidi!" Nijibuni nanyi: wamezidi?
— Wamezidi!
Ndivyo walivyojibu na wao. Wakaongeza komeo juu ya komeo. Alasiri tu, mji mzima umeshajifungia.

Katika mji huo alikaa Bi Mashavu. Mumewe alikuwa Shekue, mchimba visima, na Shekue alikuwa amekufa. Wakati wa eda wanawake walikuja, wakamsomea dua, wakampikia. Eda ilipokwisha, walikunja mikeka yao wakaondoka. Bi Mashavu akabaki na nyumba. Akipika, alipika cha mtu mmoja. Akikohoa, hakuna wa kumwambia pole.

Siku moja akajitanda ushungi, akaenda kwa majirani.

Mlango wa kwanza: "Hodi!"
"Nani?"
"Mimi, Mashavu."
"Ah, mwenzangu, nimeshakomea. Siku hizi si za kumfungulia mtu."

Mlango wa pili: "Hodi!"
"Nani?"
"Mimi, Mashavu."
"Nitajuaje kama ni Mashavu? Mwizi naye ana sauti!"

Kwenye mlango wa tatu hakujibiwa. Alisikia tu kitanda kikiburutwa kuegemezwa mlangoni.

Akarudi kwake. Taratibu. Hakuwa na wa kumwahi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata, ngwee! Sinia lilitoka nyumba ya jirani yake, Bi Tufaha, ambaye mwanawe wa pekee alihamia bara na hajarudi. Bi Mashavu akachukua mihogo, akaenda. Ukumbi ulijaa watu.

"Wamechukua mchi wangu!" alilia Bi Tufaha. "Mchi wa mama yangu!"
"Mchi! Sasa watakuja kuchukua na kinu!"
"Mimi walinichukulia beberu."
"Beberu yupi? Yule wa mwaka wa njaa?"
"Huyo huyo. Lakini leo uchungu umerudi mpya."

Wakala, wakasikitika, wakacheka. Watu walipoanza kuondoka, Bi Mashavu aliinama kutafuta viatu vyake nyuma ya mlango. Akauona mchi. Umesimama wima, umefunikwa kanga. Akamtazama Bi Tufaha. Bi Tufaha akamtazama. Hakuna aliyeutaja mchi.

"Kaa kidogo, Mashavu," alisema Bi Tufaha kwa sauti ndogo. "Kidogo tu."

Bi Mashavu akakaa. Mmeelewa, jamani? Naye alielewa.

Kulipokucha, akatoa sinia lake. Ngwee! Ngwee! Ngwee! "Sufuria yangu!" Watu wakajaa. Wakaleta uji, wakaleta viazi, wakaimba:

Mashavu pole, pole we,
wezi wamezidi, pole we.

Siku ile alilala na sauti za watu masikioni. Baada ya siku kadhaa, sinia tena. "Mkeka wangu!" Wakaja, wakaimba. Baada ya siku kadhaa, sinia tena. "Kuku wangu mwekundu!" Wakaja. Lakini mara hii hawakuimba.

"Nyumba moja, mara tatu?" alisema mzee Chande, mwenye sauti kubwa kuliko wote. "Huyu mwizi yumo humu mjini. Mgeni ni nani?"

Mgeni alikuwa mmoja: Machano, mnoa visu, aliyekuja na kinoo chake mgongoni kutafuta riziki.

"Mtu ana visu vya mji mzima," alisema Chande, "unataka ushahidi gani?"

Wakamkuta sokoni ananoa shoka. Wakamfunga kamba, wakampeleka mbele ya Jumbe, mkuu wa mji, na Bi Mashavu wakamvuta aende akadai haki yake. Njiani yule bibi alitamani Chande achoke, mambo yaishe yenyewe. Chande hakuchoka.

"Avunjiwe kinoo chake, achapwe, afukuzwe!" alisema. "Wezi wamezidi!"
— Wamezidi!

Jumbe akamgeukia Bi Mashavu. "Mama, kuku wako alichukuliwa?"

Bi Mashavu alitazama kamba kwenye mikono ya Machano. Akawatazama watu, wale wote waliomletea uji. Alijua akisema hawatakuja tena. Akamtaja Mungu moyoni, akasema:

"Kuku yuko nyumbani. Chini ya tenga. Na sufuria ipo, na mkeka upo. Sikuibiwa kitu. Nilitaka watu."

Mji mzima ukaenda kutazama. Wakainua tenga. Kuku mwekundu akatoka, akajikung'uta, akawapita miguuni.

Sasa mnadhani walisema nini? Walisema, "Alhamdulillahi, mji una amani"? Hapana.

"Kamrudisha!" alipiga kelele Bi Tufaha, wala hakumtazama Bi Mashavu usoni.
"Kamrudisha kweli! Wezi wa siku hizi wanachukua, na wanarudisha!"
"Basi wanaingia wapendavyo," alisema Chande. "Na maskini bibi wamemtisha, hata anajisingizia. Twendeni tukafunge milango!"

Wakaondoka mbiombio. Jumbe, kwa kuwa kuku alionekana, akaamuru Machano afunguliwe. Akafunguliwa. Toka siku hiyo nyumba ya Bi Mashavu ikaitwa nyumba ya kupitia wezi, na watu wakaizunguka kwa mbali.

Siku ile ile Machano akapita hapo, akishika njia ya kuondoka mjini. Bi Mashavu alikuwa kizingitini.

"Ulikaa kimya mpaka kamba ikanikata," alisema Machano.
"Nisamehe, baba."
"Ulisema unataka watu. Mimi je, si mtu?"

Akatua kinoo chake, akaketi kwenye kizingiti. "Nimesikia una msiba. Marehemu alikuwa nani?"

Tangu eda iishe hakuna aliyemuuliza hilo. Bi Mashavu akamtaja Shekue. Akaeleza alivyokuwa akishuka kisimani akiomba Mungu kwa sauti, na alivyokuwa akipanda na udongo kwenye nyusi. Akaeleza polepole, na Machano akasikiliza polepole.

Kumbe Bi Tufaha alikuwa akichungulia. "Mashavu!" aliita kupitia ufa wa dirisha. "Una mwizi hapo!"

"Ninaye, mwenzangu," alijibu Bi Mashavu. "Njoo nawe ukae. Huna haja ya kupoteza mchi."

Bi Tufaha akajitoa dirishani. Komeo la nyumba yake likalia: kwa! Na la pili: kwa!

Machano akaaga, kwa kuwa njia yake ilikuwa ndefu. Akaenda. Bi Mashavu hakufunga mlango. Akautegemeza kwa jiwe, akaketi ndani pale ambapo mpita njia angemwona. Jua likashuka. Hakuingia mwizi. Hakuingia mtu. Akaswali, akaomba dua kwa ajili ya Shekue, kisha kwa ajili ya Bi Tufaha. Na kulipokucha, mlango ulikuwa wazi.

Ngano imefika ukingoni, mbele yake ni maji.
— Iache ioge!
Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda amwachie jirani.
— Na Mungu ndiye ajuaye!