Tiketi ya Ofa

Hujasikia hata neno moja la mfano wangu wa tiketi ya ndege na tayari umeshatikisa kichwa. Wewe hapo, safu ya tatu. Ndiyo, wewe. Unasema moyoni, "Huyu bibi wa darasa la saba, ndege atazijulia wapi?" Ndege nazijua kwa kuwa zinapita juu ya paa langu, na watu nawajua kwa kuwa wanapita mlangoni kwangu. Mfano huu ni wa watu. Kama ni kubisha, bisha nikimaliza. Kubishia jambo usilolisikia ni uvivu, siyo akili.

Kulikuwa na kijana mmoja wa Dar es Salaam, mbana matumizi. Sisemi bahili. Bahili hali nyama. Huyu alikula, ila alijua bucha lipi hushusha bei jioni. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, na mama mkwe wake aliishi Bukoba. Wakakubaliana mama aje, amshike mwanawe mkono siku ya uchungu, amkande maji ya moto akishajifungua. Mama mzazi wa kijana alikwisha kufariki, kwa hiyo hapakuwa na mwanamke mwingine wa kazi hiyo. Na yule binti alikuwa anaogopa. Kila akilala alimwuliza mumewe, "Lakini mama atakuwepo?" Naye akajibu, "Atakuwepo. Niachie mimi."

Akaachiwa. Bukoba kwa basi ni safari ya siku nzima na zaidi, na miguu ya mama ilikuwa inavimba. Kijana akasema, basi, ndege. Hapo alifanya vizuri, nani atamlaumu? Akaikalia simu wiki mbili kama paka anayelinda tundu la panya. Akagundua kwamba Jumanne ni nafuu kuliko Ijumaa, kwamba anayekata miezi mitatu kabla hulipa karibu nusu, na asiye na begi la kupakia hulipa chini zaidi. Ofa ilipotoka akaiwahi: kwenda tarehe nne, kurudi tarehe ishirini na tano. Chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho, iliandikwa kwamba tiketi haibadilishwi wala hela hairudishwi. Hilo halikumsumbua. Daktari alishasema mtoto ni tarehe kumi. Kumi azaliwe, ishirini na tano bibi arudi kwake. Hesabu imekaa.

Mtoto aliulizwa?

Mama akaja na kimkoba cha mkononi. Mkungu wake wa ndizi aliuacha Bukoba. Akapika, akafua, akangoja. Tarehe kumi ikapita. Kumi na tano, kimya. Ishirini, daktari anasema mtoto mzima, hana haraka. Kijana akawa anaitazama kalenda ukutani kama vile imemtukana.

Sasa, kwao yule mama, mama mkwe habishani na mkwewe. Hamjibu uso kwa uso; akiwa na neno, humpitisha mtu katikati. Basi tarehe ishirini na nne, wakiwa wanakula, kijana akasema, "Mama, kesho ndiyo safari. Tiketi haibadilishwi, ukibaki imekwenda bure. Mtoto akizaliwa tutakutumia picha." Binti akaanza kulia. Mama akainamia sahani, akamwambia binti, "Kula, mwanangu." Kijana akakichukua kimya kile kuwa ni kukubali. Wangapi humu ndani tumekosea hivyo? Mtu anakuheshimu, wewe unahesabu umemshinda.

Kesho yake asubuhi teksi ikapiga honi nje. Binti akatoka kuagana na mama yake, akafika mlangoni, akashika ukuta. Uchungu.

Mnafikiri kijana alichanganyikiwa? Hata. Mtu wa hesabu hachanganyikiwi. Akampakia mke nyuma, mama kando yake, yeye mbele. Teksi moja, safari mbili! Hata hapo alipata faida.

"Tunaanzia wapi, bosi?" dereva akauliza.

"Uwanja wa ndege. Tunamshusha mama, halafu hospitali. Kaunta wanafunga saa tatu."

Dereva akachungulia kwenye kioo. "Bosi, lakini huyu dada..."

"Mimba ya kwanza huchelewa. Nimesoma."

Huko nyuma binti ameuma pindo la khanga. Mama akasema, macho yake kwenye kisogo cha dereva, "Dereva, mwanangu, hospitali."

"Mama, tiketi..."

"Dereva, mwambie mkwe wangu habari za tiketi nazisikia tangu tarehe nne."

"Bosi, anasema anazisikia tangu..."

"Nimemsikia! Mwambie itapotea!"

"Mama, anasema itapotea."

"Mwambie haipotei, anayo mkononi. Cha kupotea kiko huku nyuma."

Hilo dereva hakulifikisha. Alikata kona kuelekea hospitali, akakanyaga mafuta.

Waacheni kidogo, wako njiani, nami nina neno na ninyi. Kubana matumizi si dhambi. Mimi mche wa sabuni naukata vipande vinne, na anayenicheka aninunulie wa pili. Lakini ile tiketi ilikatwa ili mama awepo. Mwisho ikawa ndiyo inayomwondoa. Na sisi je? Si tunatafuta kwa ajili ya watoto, kisha mtoto akija kutusemesha tunamwambia atupishe, tunatafuta? Mzee yuko kitandani, sisi tunangoja mwisho wa mwezi ndipo twende, safari iwe moja. Kitu tumekipata kwa bei ya chini, halafu tunakitumikia kama watumwa kwa sababu kilikuwa cha bei ya chini! Na Mungu akituletea jambo nje ya tarehe zetu, tunamwonyesha herufi ndogo: samahani, Bwana, haibadilishwi. Mwenzangu, wewe ndiye unayemkatia Mungu tiketi?

Haya. Teksi ikafika hospitali. Wauguzi wakaja na kiti cha magurudumu, binti akashushwa. Kijana hakushuka. Alikuwa anatazama saa kwenye simu. Akageuka, akasema, "Mama, ameshapokelewa, yuko salama. Sisi tukiondoka sasa hivi tunaiwahi."

Mama akafungua mlango wa upande wake, akachukua kimkoba chake. Safari hii hakumpitisha dereva.

"Kiti kimelipiwa, baba," akasema. "Nenda ukakikalie."

Akashuka, akaufunga mlango.