Abee ya Bi Chura

Paukwa!

Pakawa!

Ehee, mmeitika upesi, watoto kwa wakubwa. Hata hamjui naitia nini. Nitaita tena, na safari hii anayeitika aitike akijua. Paukwa!

Pakawa!

Haya, kaeni vizuri. Hii si hadithi ya kuchekea. Anayetaka ya kuchekea aende kwa jirani.

Hapo zamani za kale palikuwa na njia. Ilitoka msituni, ikashuka bondeni, ikapanda hadi Magadini, wanyama wanakolamba chumvi. Bondeni njia ilikatwa na kijito. Wahenga walitandika mawe pale, wakaacha nafasi katikati. Maji yakapita chini, wanyama wakapita juu. Mbele kidogo kijito kilituama, kikafanya dimbwi. Ndani ya dimbwi hilo aliishi Bi Chura.

Bi Chura alikuwa mama. Mwaka huo alikuwa na viluwiluwi tele, weusi tii, wana mikia, hawana miguu. Kutwa kucha kazi yake kuwatazama. Akiona mmoja amejitenga, humwita, "Kwaa! Rudi kwa wenzio." Naye hurudi.

Mtoto wa chura hazaliwi na miguu. Maji yakiondoka, hawezi kuyafuata. Hilo mlishike.

Basi mvua ya mwaka ule ikaja na hasira. Njia ikachimbika. Mawe ya wahenga yakasombwa. Pundamilia akavunjika mguu palepale. Wanyama wakalia, "Njia! Njia!" na kilio chao kilikuwa cha haki. Mzee Nyati, mkuu wa msitu, akaamuru njia itengenezwe. Kazi akapewa Bwana Ngiri, maana kwa kuchimba hana mpinzani.

Lakini kwanza Ngiri akapelekwa semina. Semina ya mazingira, ng'ambo ya mlima, na mwalimu alikuwa Korongo. Korongo alifundisha kwa wimbo:

"Kabla hujachimba, uliza.
Ukishauliza, ngoja.
Ukijibiwa, sikia.
Na maji yape njia yake."

Ngiri aliuimba wimbo huo kuwashinda wote. Alikula pia kuwashinda wote, viazi vitamu vya semina. Akarudi kifua mbele, wimbo mdomoni, viazi tumboni. Kichwani sijui palikuwa na nini.

Ukaitishwa mkutano wa hadhara. Ngiri akapanda juu ya kichuguu. Mzee Nyati akakaa pembeni, anacheua.

"Tumekuja kuchukua maoni yenu," akasema Ngiri. "Tutainua tuta kubwa, kutoka upande huu hadi ule. Njia haitasombwa tena." Kisha akaanza kuita.

"Digidigi!"

"Naam!"

"Pundamilia!"

"Naam!"

"Mama Swala!"

"Abee!"

"Bi Chura!"

Bi Chura alikuwa nyuma kabisa. Alikuwa na neno lake, amelibeba njia nzima. Lenyewe fupi: tuta likiziba bonde, maji yatapita wapi? Lakini mkubwa akikuita, adabu ni kuitika kwanza. Wa kiume husema naam, wa kike husema abee. Ndivyo alivyolelewa.

"Abee!" akaitika. Akavuta pumzi atoe neno lake. Ngiri alikwisha kumwita mwingine.

Majina yalipokwisha, Ngiri akamgeukia mkuu. "Mzee, wote wamesema naam."

"Mbona nimesikia abee?" akauliza Nyati.

"Abee ni naam iliyojifunga kanga, mzee."

Wakacheka, kwa kwa kwa. Mkutano ukafungwa. Bi Chura akaruka mbele, pwata, pwata, pwata. "Bwana Ngiri, mie sijatoa maoni! Nilidhani unaniita."

"Nilikuita," akasema Ngiri, "nawe ukaitika. Sasa wataka nini?"

Kazi ikaanza. Chimba, puu! Sukuma, buru buru buru! Kifusi kikalala juu ya kijito. Bi Chura akamwendea Ngiri. "Bwana Ngiri, acha kalavati chini, maji yapite."

"Ulisema abee."

Kifusi kikapanda. Akamwendea tena. "Bwana Ngiri, basi tundu dogo tu. La kunitosha mimi."

"Ulisema abee."

Akaenda kwa Mzee Nyati. Nyati akamtazama kwa upole. "Mwanangu, si mlishirikishwa?"

"Tuliitwa, mzee."

"Basi," akasema Nyati, akaendelea kucheua.

Najua mnamkasirikia Ngiri. Hata mimi. Lakini roho mbaya hakuwa nayo. Alikuwa amechoka, wanyama wanaidai njia, na kusikia ni kazi kuliko kuchimba. Tena kile kifusi kilikuwa laini, kikamtamanisha. Akajichimbia nyumba humohumo ndani ya tuta, akahamia na mkewe na watoto. "Mnaona?" akawaambia majirani. "Lingekuwa na ubaya ningewaleta wanangu?"

Tuta likakamilika. Wanyama wakapita juu wakishangilia. Chini, dimbwi likaanza kupungua. Viluwiluwi wakasogea katikati. Dimbwi likawa sinia, sinia likawa kisahani. Bi Chura akawachukua wanawe kinywani, wachache wachache, akapanda tuta awapeleke upande wa juu maji yalikojaa. Pwata, pwata. Jua linachoma. Kwato zinapita, huku na huku. Kinywa chenyewe kidogo. Alipofika akafungua, hakuna aliyetikisa mkia. Akarudi kwa waliobaki. Akaita, "Kwaa! Njooni!" Kisahani kilikuwa kimekwisha kuwa tope, na tope limepasuka.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bi Chura aliita mpaka sauti ikamwisha.

Akahamia upande wa juu, kwa kuwa hakuwa na kwingine. Huko maji yalisimama yameegemea tuta, na kila mvua yakiongezeka. Maji yale hayakuwa yamesahau njia yake. Siku moja mchana, mawingu yamejaa milimani, akasikia tuta likisema, chururu... chururu... Akapanda kutazama. Upande wa pili palikuwa na ufa, na ufa unatoa maji ya tope.

Hapo angeweza kunyamaza. Mimi sijui ningefanya nini. Yeye aliwafikiria watoto waliomo mle ndani, ambao mkutanoni hawakuwapo. Akaruka hadi kwenye mlango wa shimo. Mama mtu alikuwa malishoni. Ngiri alikuwa amelala na wanawe, kichwa ndani, matako mlangoni, kama ngiri wote walivyolala zama zile.

"Bwana Ngiri!"

"Naam!"

"Toka! Tuta linavunjika!"

"Naam!"

"Watoe watoto, Bwana Ngiri! Watoto!"

"Naam, naam, Bi Chura, nimesikia." Na hakugeuka.

Gubu! Tuta likaachia. Maji yakapita njia yake.

Bi Chura yakamtupa juu ya jiwe. Ngiri yakamburuta hadi kwenye kichaka cha miiba, yakamwacha hai. Watoto hayakuwaacha. Njia ikawa haipo, na wanyama wakasimama kando zote mbili za bonde. Hata Mzee Nyati aliacha kucheua.

Ngiri akaja akichechemea, tope hadi machoni. Akasimama mbele ya lile jiwe.

"Bi Chura," akasema, "uliniita."

"Nilikuita," akasema Bi Chura, "nawe ukaitika."

Hakumwambia kwa kumkomoa. Maneno mengine hakuwa nayo. Wakakaa pale wote wawili, mzazi na mzazi, wakiyatazama maji.

Tangu siku hiyo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, uso nje, ili akiitwa aone anaitiwa nini. Na chura, mkikaribia dimbwi lake, hunyamaza ghafla. Mnadhani anaogopa kuliwa. Anaogopa kuitika.

Basi shikeni neno hili, watoto kwa wakubwa: kuitika si kukubali, na kumwita mtu si kumuuliza. Mwenye kuuliza angoje jibu, na akijibiwa asikie, kabla hajamwaga kifusi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hadithi yangu imeishia hapo, bondeni, penye tope. Leo siiti tena paukwa. Nendeni mkalale, na msiniitikie.